Kuandika Habari za Mtoto Bila Kumwanika

Mashirika ya kutetea haki za watoto huajiri mawakili, wauguzi, washauri nasaha na madereva, na kila mmoja kazi yake inajulikana. Afisa mkuu wa mawasiliano ndiye anayewatatiza watu. Wengi humdhania kuwa mpiga picha wa shirika, au yule anayewaita wanahabari kunapokuwa na hafla. Hayo anayafanya, lakini uzito wa kazi yake uko kwingine: ndiye anayeamua ni habari gani ya mtoto itatoka, itatoka kwa maneno gani, na ni ipi haitatoka kamwe.

Somo hili linaonyesha jinsi uamuzi huo unavyofikiwa, kwa mifano ya Bumula na ya kaunti jirani. Limekusudiwa kwa vijana wanaofikiria kuingia katika kazi hiyo. Vilevile linawahusu walimu, machifu, wahudumu wa afya ya jamii na wasimamizi wa makundi ya WhatsApp katika wadi zote saba za Bumula, kwa kuwa siku hizi wao pia hutangaza habari za watoto kwa simu zao, bila mafunzo wala mshahara wa kazi hiyo.

Jina limebadilishwa, mtoto ametambulika

Habari ifuatayo imetungwa kwa ajili ya somo. Imeandikwa kama zinavyoandikwa ripoti nyingi zinazotumwa kutoka mashinani:

"Nekesa (si jina lake halisi), mwenye umri wa miaka 14, anasoma Gredi ya 8 katika shule iliyo nyuma ya soko letu. Babake ni fundi wa baiskeli hapo sokoni. Mamake alifariki mwaka jana. Mwezi Machi alijifungua mapacha katika zahanati ya kijiji, na sasa nyanyake ndiye anayewalea ili yeye aendelee na masomo."

Aliyeandika alikuwa na nia njema. Alibadilisha jina na hakuambatisha picha. Akisomewa mtu wa Nairobi, hatajua ni nani anayezungumziwa. Lakini habari hiyo haitasomwa Nairobi peke yake. Itarudi Bumula kwa simu jioni hiyohiyo, na hapo sokoni hakuna mafundi watano wa baiskeli waliofiwa na wake zao mwaka jana na ambao mabinti zao wamejifungua mapacha mwezi Machi. Yupo mmoja. Kuzaliwa kwa mapacha peke yake kunatosha, kwa maana katika jamii ya Wabukusu mapacha wana majina yao, Mukhwana na Mulongo, na habari zao hazikai ndani ya nyumba moja.

Hata hilo jina la kubuni lina tatizo. Nekesa ni jina la msichana aliyezaliwa wakati wa mavuno, na darasa moja la Bumula linaweza kuwa na akina Nekesa watatu. Mwandishi amemficha mmoja na kuwaanika wengine watatu wasiohusika. Ndiyo maana maafisa wazoefu huuliza kwanza ni majina gani yaliyo shuleni humo kabla ya kuchagua jina la bandia. Wengine hawatumii jina lolote, huandika "msichana huyu" mwanzo hadi mwisho, ijapokuwa habari husomeka kwa ukavu kidogo.

Sasa ajiulize mwandishi: habari hii ilitoka kwa sababu gani? Kama ni kuwaambia wazazi kwamba binti aliyejifungua anaweza kurudi darasani, kama sera ya Wizara ya Elimu inavyoruhusu tangu mwaka 1994 na mwongozo wa mwaka 2020 unavyofafanua, basi yanayohitajika ni machache. Inaweza kuandikwa hivi:

"Msichana mmoja wa Kaunti ya Bungoma aliyejifungua akiwa mwanafunzi amerudi darasani. Kilichomzuia kwa muda ni kukosa mtu wa kubaki nyumbani kulea, na hofu ya kuchekwa na wenzake. Jamaa yake mmoja alikubali kulea, na mwalimu akazungumza na darasa kabla hajarudi."

Baiskeli imeondoka, soko limeondoka, msiba umeondoka. Idadi ya watoto pia haitajwi. Hapa kuna jambo la kuzingatia: mwandishi hakuandika kwamba alijifungua mtoto mmoja, kwa kuwa huo ungekuwa uongo. Afisa wa mawasiliano hufuta, hatungi. Akianza kugeuza mambo ili kumficha mtoto, siku moja atashikwa, na tangu siku hiyo hakuna mwanahabari atakayeamini taarifa ya shirika lake.

Kuna njia rahisi ya kupima. Chukua kila kitambulisho kilicho katika habari: umri, darasa, shule, kijiji, kazi ya mzazi, ugonjwa, tarehe. Kisha muulize mtu wa eneo hilo, si mtu wa makao makuu, kama akiviunganisha anamjua mtoto. Akinyamaza kidogo na kutabasamu, habari irudi mezani.

Sheria inavyosema

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto tarehe 30 Julai 1990, miezi michache tu baada ya mkataba huo kupitishwa Novemba 1989. Mkataba unampa mtoto haki ya faragha na pia haki ya kusikizwa katika mambo yanayomhusu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza kuzingatiwa katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ndiyo inayotumika sasa, na mtoto ni kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Kijana wa miaka 17 aliyeota ndevu bado ni mtoto mbele ya sheria hiyo.

Mtoto anapokuwa na kesi mahakamani, sheria inakataza kuchapisha jina lake, makazi yake, shule yake, habari za wazazi au jamaa zake, na picha au mchoro wake wowote. Inafaa kuisoma orodha hiyo polepole. Waliotunga sheria walielewa kwamba jina ni kitambulisho kimoja tu kati ya vingi. Ndiyo sababu hukumu zinazohusu watoto hubeba herufi badala ya majina. Hukumu mashuhuri ya Mahakama Kuu ya Meru ya tarehe 27 Mei 2013, iliyosema polisi walikosea kwa kutochunguza ipasavyo malalamiko ya wasichana waliodhulumiwa kimapenzi, inajulikana hadi leo kwa herufi C.K.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo ina kifungu cha 33 kuhusu watoto. Habari binafsi za mtoto, na picha ni mojawapo, hazitumiwi bila idhini ya mzazi au mlezi, na hata idhini ikiwepo, matumizi yenyewe lazima yamfae mtoto. Sharti la pili husahaulika. Mzazi anaweza kukubali kwa moyo mweupe jambo ambalo litamdhuru mwanawe, na idhini yake haitamwokoa aliyechapisha. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Shule nyingi zina kurasa za Facebook zilizojaa picha kama hizo.

Msichana aliyeitwa Liz

Wapo wanaosema kwamba habari isiyo na jina wala sura haina nguvu, na kwamba watu hawatasikitika wala hawatachukua hatua. Jirani zetu wa Busia wana jibu la swali hilo.

Juni 2013 msichana wa umri wa miaka 16 alivamiwa na kundi la wanaume akitoka matangani usiku, akanajisiwa na kutupwa katika shimo la choo. Baadhi ya washukiwa walikamatwa, na adhabu waliyopewa ikawa kufyeka nyasi katika kituo cha polisi, kisha wakaachiliwa. Gazeti la kitaifa lilipoandika habari hiyo lilimwita Liz, jina ambalo si lake. Kampeni iliyofuata ilitumia jina hilohilo. Zaidi ya watu milioni 1 duniani walitia saini ombi la kutaka haki itendeke, na Oktoba mwaka huo waandamanaji walilipeleka makao makuu ya polisi jijini Nairobi. Mwaka 2015 wanaume watatu walihukumiwa kifungo cha miaka 15 kila mmoja.

Kilichowaudhi watu kilikuwa nyasi. Sura ya msichana haikuhitajika. Mwandishi aliyeielewa habari yake alitambua kwamba aibu iko kwa waliotenda na kwa walioamua kwamba kufyeka kunatosha, akaelekeza taa upande huo. Hata hivyo, kampeni hiyo inafundisha jambo jingine pia: habari ikienea kiasi hicho, watu wa kijijini kwa mtoto wataijua vyovyote vile, na familia itahitaji ulinzi na ushauri nasaha kwa miaka, si kwa wiki ya maandamano. Mtaalamu wa mawasiliano anayepanga kampeni kubwa huketi na afisa wa watoto mapema na kuuliza familia itaishi wapi na vipi habari itakapovuma.

Agosti ya kila mwaka wa pili

Hakuna msimu unaoijaribu kazi hii Bumula kama Agosti ya miaka ya shufwa, wavulana wanapotiwa jandoni. Kwa mila za Kibukusu tendo hilo ni la hadharani. Mvulana hucheza chinyimba akiwaalika jamaa, huenda kwa khocha wake, na alfajiri ya siku yenyewe hurudi kutoka mtoni akiwa amepakwa matope, umati ukimwimbia sioyaye, hadi anaposimama mbele ya omukhebi nyumbani kwao. Wazee watauliza kwa haki: jambo lililofanywa mbele ya kijiji kizima tangu zamani, simu imelibadilisha vipi?

Imelibadilisha kwa namna mbili. Kwanza, umati wa boma una mipaka. Waliopo ni shangazi, wajomba, majirani na watu wa rika, na kila mmoja anajua kwa nini mvulana yuko bila nguo. Video ikiingia TikTok, inatazamwa na watu wasiojua sioyaye ni nini, na baadhi yao hutafuta picha za watoto walio uchi kwa nia ovu. Pili, kumbukumbu ya kijiji husamehe. Mvulana aliyetikisika au kutoa sauti zamani alitaniwa msimu mmoja au miwili, kisha akaoa, akajenga, na utani ukaisha. Aliyerekodiwa akilia atatumiwa video hiyo siku ya harusi yake, na siku atakapogombea kiti cha wadi.

Mila haijaombwa isimame, wala kazi ya afisa wa mawasiliano si kuipigia mila mbiu. Anachofanya ni kuzungumza na familia na viongozi wa jamii kabla ya Agosti kuhusu simu zitakazoruhusiwa na wakati wake. Zipo familia zinazomteua jamaa mmoja kurekodi kwa ajili ya nyumba yao tu, wengine wote wakiweka simu mfukoni wakati wa tendo lenyewe. Kwa kurasa za umma, yapo mengi ya kupiga picha: mikono iliyoshika chinyimba, ng'ombe wa mjomba, akina mama jikoni, vumbi la umati barabarani ukiwa umeonekana kwa mbali. Picha hizo zinasimulia msimu vizuri kuliko mwili wa mtoto mmoja.

Idhini si karatasi

Mashirika mengi yana fomu ya idhini. Kwa kawaida imeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, hutolewa mwishoni mwa mahojiano, na mama hutia kidole gumba kwa sababu mgeni amekuja na gari na ameonyesha heshima. Hiyo ni adabu ya mwenyeji kwa mgeni. Idhini ni kitu kingine.

Afisa anayeijua kazi yake hufika mara ya kwanza bila kamera. Hueleza kwa Lubukusu au Kiswahili picha itaenda wapi, na haelezi kwa maneno pekee: huonyesha ukurasa wenyewe kwenye simu, pamoja na maoni ya watu chini ya picha za wengine, yakiwemo ya matusi. Huacha familia ilale nayo usiku mmoja. Siku ya pili huuliza mzazi, kisha humwuliza mtoto peke yake kwa lugha ya umri wake, kwa mfano, "Mwalimu wako akiiona hii utajisikiaje?" Mtoto akisema hapana, jibu ni hapana, hata kama baba amekubali. Familia huelezwa pia kwamba msaada hautegemei picha, na kwamba wanaweza kubadili nia wakati wowote. Sheria ya data inawapa haki hiyo. Nambari ya kupiga siku watakapobadili nia huachwa imeandikwa.

Katika redio tahadhari ni kubwa zaidi. Mtoto akizungumza Lubukusu hewani kwa nusu dakika, anayemjua amekwisha kumjua, hata kama hakutajwa. Sauti yake inaweza kusomwa na mtu mwingine.

Na kuhusu kuziba uso: mstari mweusi juu ya macho hauzuii chochote. Sare ya shule yenye nembo, kovu, mlango wa nyumba, kibao cha kanisa nyuma ya mtoto, vyote vinazungumza. Simu nyingi pia huandika mahali picha ilipopigwa ndani ya faili lenyewe, hivyo sehemu hiyo izimwe kabla ya kazi kuanza.

Picha za misaada

Hapa inafaa kusema ukweli ambao haupendezi ofisi za umma. Basari, viatu, sodo na magodoro hutolewa, na watoto hupangwa mstari wapigwe picha na mgeni wa heshima. Chini yake huandikwa "mayatima" au "watoto kutoka familia maskini". Jumatatu watoto hao hurudi darasani wakiwa na jina jipya. Katika miji kama Kitale, ambako watoto wa mitaani ni wengi na mashirika ya kuwasaidia pia, picha ya mtoto mwenye gundi mkononi imetumika kuombea fedha kwa muda mrefu. Mtoto huyo akija kuwa fundi au mwalimu, picha ingali inazunguka.

Kutangaza matumizi ya fedha za umma ni wajibu, na wananchi wana haki ya kujua. Lakini kinachotakiwa kujulikana ni kiasi kilichotolewa, wadi zilizofaidika, na njia iliyotumika kuchagua. Picha ya mwalimu mkuu akipokea masanduku yenye sodo inatosha. Afisa mkuu wa mawasiliano ndiye wa kumwambia hivyo mheshimiwa, kwa upole, kabla ya hafla. Akisubiri hadi kamera zitolewe amechelewa.

Mtoto akiwa hatarini

Mara nyingine anayekusanya habari hukutana na mtoto anayeteswa sasa hivi, au anayetaka kuozwa. Hapo habari husimama. Simu ya kwanza ni kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, kituo cha polisi, au nambari 116, ambayo hupigwa bila malipo. Mtoto haulizwi maelezo kwa kina, maana kila anaposimulia tena anaumia tena, na maelezo yanayotofautiana kidogo huja kutumiwa dhidi yake mahakamani. Chifu anayetuma picha ya mtoto aliyepigwa katika kundi la watu 200 "ili asaidiwe" amewapa habari watu 199 wasio na uwezo wa kumsaidia. Amtumie mmoja mwenye uwezo huo.

Mtoto aliyepotea ni hali tofauti. Hapo jina na picha hutangazwa kwa sababu ndivyo vitakavyomrudisha, kwa makubaliano ya familia na polisi. Linalosahaulika ni mwisho wake: akishapatikana, tangazo lifutwe kila lilipowekwa, na isielezwe alikuwa wapi wala na nani.

Kosa likitokea, na hutokea hata kwa waliosoma, hatua ni zilezile popote. Futa chapisho mara moja. Waombe waliolisambaza walifute bila kuwaeleza kwa nini mtoto huyo hasa. Nenda nyumbani, si kwa simu, ukamwambie mzazi na mtoto kilichotokea. Mjulishe mkuu wa ofisi kwa maandishi, na ikiwa habari za mtoto zimevuja kwa njia inayoweza kumdhuru, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ijulishwe ndani ya saa 72. Baada ya hapo, fungua kabati la picha za zamani za ofisi na uanze kuuliza, moja baada ya nyingine, ni zipi zina idhini.